Weusi Usiopauka: Kaboni, Gundi ya Mgunga na Uchapaji wa Picha

Katika nyumba nyingi za Mkoa wa Singida, kama ilivyo kwingineko nchini, huhifadhiwa picha za aina tatu. Ya kwanza ni nyeusi na nyeupe, iliyopigwa studio wakati mababu walipokuwa vijana. Ya pili ni ya rangi, ya miaka ya 1970 au 1980, nayo mara nyingi imekwisha kugeuka nyekundu, majani ya miti na mbingu yakiwa yamepotewa na rangi zake. Ya tatu ni ya juzi tu: imetolewa katika simu, ikachapwa kwa printa dukani na kutundikwa karibu na dirisha; nayo imeanza kufifia kabla fremu yake haijachakaa. Ajabu ni kwamba iliyo kongwe kuliko zote ndiyo ambayo mara nyingi husomeka vizuri kuliko zote.

Jambo hili si la bahati. Lina sababu katika kemia na fizikia, na sababu hizo zaweza kufundishwa darasani kwa vitu vinavyopatikana Singida kwenyewe: mafuta ya alizeti, gundi ya mgunga na maji ya mvua. Anayezielewa aweza pia kuelewa jinsi wachapaji wa picha wa leo wanavyochanganya wino wao wenyewe, ili printa ya kawaida itoe picha nyeusi na nyeupe ambayo wajukuu wataikuta.

KWA NINI RANGI HUFIFIA

Wino wa printa ni wa namna mbili. Namna ya kwanza ni wino wa rangi iliyoyeyuka. Ndani yake kila molekuli ya rangi huelea peke yake majini, kama sukari katika chai. Molekuli hiyo huonekana na rangi kwa sababu humeza sehemu fulani ya nuru na kuirudisha iliyobaki. Lakini nuru ni nishati. Mara nyingi nishati iliyomezwa hugeuka kuwa joto na mambo huishia hapo. Mara moja moja, hata hivyo, huvunja kifungo kinachoshikamanisha atomu za molekuli. Hewa ya ozoni nayo hufanya uharibifu wa namna hiyo hiyo. Molekuli iliyovunjika haimezi tena nuru kama awali, na rangi yake hutoweka.

Namna ya pili ni wino wa chembe. Humo rangi haikuyeyuka, bali imesagwa ikawa vumbi laini mno linaloelea majini. Chembe moja huwa na maelfu ya molekuli zilizobanana. Zile za nje zikiharibiwa na nuru, za ndani hubaki salama, kama nafaka iliyo katikati ya gunia jua linapopiga juu yake. Ndiyo maana wino wa chembe, kwa kawaida, hudumu kuliko wino wa rangi iliyoyeyuka.

Picha za rangi za miaka ya 1970 zilifanywa kwa rangi tatu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka: samawati, majenta na manjano. Katika karatasi nyingi za wakati ule, rangi ya samawati ilikuwa dhaifu kuliko wenzake. Ilififia hata ndani ya albamu iliyofungwa. Iliponyauka, majenta na manjano zikabaki, na picha nzima ikaelekea wekundu.

Picha nyeusi na nyeupe ya studio haina rangi hizo hata kidogo. Weusi wake ni chembe za madini ya fedha. Ndiyo sababu kazi za studio za zamani, kama zile za Capital Art Studio iliyoanzishwa Unguja na Ranchhod Oza mwaka 1930, zingali zinatazamwa hadi leo. Hata hivyo, fedha nayo ina adui zake. Ikikutana na salfa iliyo hewani, au picha isipooshwa vizuri kuondoa dawa ya kuimarishia, weusi wake huanza kugeuka kahawia na kufifia.

KABONI HAINA HARAKA

Kipo kitu cheusi ambacho nuru haikiwezi: kaboni. Masizi yaliyo chini ya sufuria ni kaboni karibu tupu. Ndani yake atomu hupangwa katika vibapa vyenye umbo la masega ya nyuki, kila atomu ikishikwa kwa nguvu na jirani zake watatu. Elektroni zilizobaki hutembea kwa uhuru katika kibapa chote, nazo humeza nuru ya kila rangi na kuigeuza joto bila kuvunja kifungo chochote. Ndiyo maana masizi ni meusi; na kwa sababu hiyo hiyo weusi wao haupauki.

Ushahidi wa jambo hili ni wa kale sana. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu nchini Misri, watafiti walifukua hati za mafunjo za zama za Farao Khufu, yapata miaka 4500 iliyopita. Maandishi yake yangali yanasomeka. Wino mweusi wa waandishi wa Misri ya kale ulikuwa masizi yaliyochanganywa na gundi ya miti na maji.

Wapiga picha nao waliitambua nguvu hiyo mapema. Mwaka 1855 Alphonse Poitevin wa Ufaransa alipewa hataza ya kuchapa picha kwa kaboni badala ya fedha, na mwaka 1864 Joseph Swan wa Uingereza akaiboresha njia hiyo hata ikaweza kutumika kibiashara. Njia ilikuwa ngumu na ya polepole, lakini picha zilizofanywa kwa ustadi wakati ule zingali nyeusi kama siku zilipokauka.

KAZI YA GUNDI

Mwanafunzi akitia masizi makavu katika glasi ya maji ataona yakielea juu na kukataa kulowana. Akiyakoroga kwa nguvu yatazama kidogo, kisha yatashikamana na kufanya mabonge. Huo bado si wino. Chembe ndogo zikigongana majini huvutana na kuganda. Na kadiri zinavyoganda ndivyo zinavyozidi kuwa nzito na kutua chini. Kutengeneza wino, basi, ni kuzizuia chembe zisishikamane.

Hapa ndipo mgunga unapoingia. Miti ya jamii hii hustawi katika nchi kavu ya Tanzania ya kati, na gundi yake hukusanywa Singida na mikoa jirani. Wakati wa kiangazi gome likijeruhiwa, utomvu hutoka na kukauka ukawa matone magumu yenye rangi ya kaharabu. Gundi hii huuzwa duniani kote, nayo hutiwa katika peremende, soda na dawa. Molekuli zake ni ndefu na zenye matawi, na huyeyuka vizuri majini. Sehemu yake moja hung'ang'ania chembe ya masizi. Matawi yaliyobaki hujitandaza majini. Chembe mbili zilizovikwa gundi zikikaribiana, matawi huzuiana kabla chembe zenyewe hazijagusana. Hivyo kila moja huendelea kuelea peke yake.

Gundi ina kazi ya pili. Maji yakikauka, hiyo ndiyo inayoshikisha chembe kwenye karatasi. Umuhimu wa kazi hii waonekana katika michoro ya kale ya mapangoni. Tanzania ya kati ina michoro mingi ya namna hiyo: ile ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na ile iliyo katika miamba ya Singida, ambayo mtaalamu wa mambo ya kale Fidelis Masao alikuwa mmoja wa walioichunguza na kuiandika. Rangi yake nyekundu ni oksidi ya chuma, na nuru haijaishinda. Panapoharibika, mara nyingi si kwa sababu rangi imefifia, bali kwa sababu maji, mikono ya watu na kubanduka kwa mwamba vimeiondoa. Kwa hiyo chembe isiyopauka haitoshi. Sharti pia ishikwe vizuri na mahali ilipowekwa. Picha ya kaboni iliyochapwa kwenye karatasi isiyong'aa yahitaji kulindwa kwa kioo, kwa maana ikisuguliwa weusi huhama.

MAJI YA KUCHANGANYIA

Mji wa Singida umepakana na maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Maji hayo ni somo zuri la kemia, lakini hayafai kwa wino. Sababu yake ni hii: chembe nyingi zinazoelea majini hubeba chaji ya umeme ya aina moja, na chaji za aina moja hukimbizana. Chumvi ikiwapo majini, ioni zake huizingira kila chembe na kuifunika chaji yake. Nguvu ya kukimbizana hupungua, chembe hukaribiana, na kuganda huanza.

Michael Faraday alilionyesha jambo hili mwaka 1857 kwa chembe za dhahabu zilizoelea majini. Maji hayo yalikuwa mekundu. Alipotia chumvi yakageuka samawati, kwa kuwa chembe zilikuwa zimeungana. Aliona pia kwamba akitia jelatini kwanza, chumvi haikuweza kuyageuza upesi. Jelatini ilifanya kazi ile ile inayofanywa na gundi ya mgunga.

Ioni zenye chaji mbili, kama zile za kalisi na magnesi, hugandisha kwa nguvu kuliko zenye chaji moja, na zenye chaji tatu huzidi zote. Watu wanaotia shabu katika maji ya tope ili yatakate hutumia kanuni hiyo hiyo: ioni ya alumini katika shabu ina chaji tatu, nayo hukusanya chembe za udongo zikatua chini ya mtungi. Linalomfaa mteka maji humharibia mchanganyaji wa wino. Maji magumu ya kisima yasitumike. Yanayofaa ni maji yaliyokenekwa, na kwa wino wa kalamu maji safi ya mvua yatatosha.

WINO WA KALAMU DARASANI

Wino wa masizi waweza kutengenezwa katika maabara ya shule mbele ya mwalimu. Mafuta ya alizeti hutiwa katika kisahani cha chuma pamoja na utambi wa pamba, na ncha yake huwashwa. Bamba safi la chuma hushikizwa juu ya ncha ya mwali. Masizi hujikusanya, nayo hukwanguliwa polepole kwa kadi. Kazi hii ifanywe penye hewa ya kutosha, mafundi wakiwa wamefunika pua na mdomo, kwa kuwa masizi hayafai kuvutwa mapafuni. Mchanga uwe karibu. Mafuta yakishika moto yasimwagiwe maji kamwe.

Gundi huyeyushwa kwa kipimo cha sehemu moja ya gundi kwa sehemu mbili za maji kwa uzito, huachwa usiku kucha, kisha huchujwa kwa kitambaa. Gramu 1 ya masizi hulowanishwa kwa matone machache ya spiriti, kisha husagwa juu ya kioo pamoja na mililita 5 za maji ya gundi kwa muda usiopungua nusu saa. Hapana njia ya mkato hapa: kusaga ndiko kunakovunja mabonge. Mwishowe huongezwa maji kidogo kidogo, kiasi cha mililita 15, na tone moja la mafuta ya karafuu ili gundi isiote ukungu.

Wino huu wafaa kwa kalamu ya kuchovya na brashi. Usitiwe katika printa kwa hali yoyote, na sababu yake ni hesabu. Tundu la kichwa cha printa lina upana wa mikromita 20 hivi. Tone moja katika printa nyingi lina ujazo wa pikolita 4 tu. Kwa hiyo mililita moja ya wino hutoa matone milioni 250. Chembe za wino wa printa huwa na upana wa sehemu moja ya kumi ya mikromita. Masizi yaliyosagwa kwa mkono yana mabonge makubwa kuliko hayo mara nyingi, nayo yataziba matundu mara moja.

NGAZI YA KIJIVU

Anayechanganya wino kwa ajili ya printa haanzi na masizi, bali na wino mweusi wa chembe za kaboni uliokwisha kutengenezwa na kuchujwa kiwandani. Kazi yake ni kuuzimua ili apate kijivu cha ngazi mbalimbali.

Yafaa kueleza kwa nini kijivu kinahitajika. Printa ya kawaida ikiamriwa kuchapa picha nyeusi na nyeupe, mara nyingi hutengeneza kijivu kwa kuchanganya samawati, majenta na manjano. Moja ikififia, kijivu chote hubadilika rangi. Ikitumia wino mweusi peke yake, haina budi kutawanya nukta nyeusi mbali mbali ili kuonyesha mahali peupe, na uso wa mtu huonekana kama umenyunyiziwa mchanga. Ufumbuzi ni kujaza matangi ya rangi kwa kaboni iliyozimuliwa: moja nzito, nyingine hafifu, nyingine hafifu zaidi. Mwaka 2000 Jon Cone, mchapaji wa Vermont nchini Marekani, alitoa mfumo wa namna hiyo aliouita Piezography. Mpiga picha Paul Roark wa California naye aliweka hadharani kanuni zake za kuzimua wino wa kaboni, ili kila mtu aweze kujichanganyia.

Wino hauzimuliwi kwa maji matupu. Maji matupu hukauka upesi mno matunduni, wala hayasambai vizuri katika mifereji myembamba. Kiowevu cha kuzimulia huwa ni maji yaliyokenekwa yenye glisirini, yapata sehemu 10 kwa 100, na kiasi kidogo sana cha dawa ya kupunguza mvutano wa uso wa maji. Glisirini huchelewesha kukauka. Ni kitu kile kile kinachopatikana pia mafuta, kama ya alizeti, yanapogeuzwa sabuni.

Wanafunzi waliokwisha soma logi wanaweza kukadiria ngazi yenyewe. Wachapaji hupima weusi kwa kipimo kiitwacho densiti, ambacho ni logi ya nuru iliyotumwa ikigawanywa kwa nuru iliyorudi. Tuseme wino usiozimuliwa una densiti ya 1.6, yaani hurudisha asilimia 2.5 tu ya nuru. Ikichukuliwa kwamba densiti hupungua sawasawa na kiasi cha kaboni, wino wa nusu utakuwa na densiti ya 0.8 na kurudisha asilimia 16; wa robo, 0.4 na asilimia 40. Wa sehemu moja ya nane, 0.2 na asilimia 63. Wa sehemu moja ya kumi na sita, 0.1 na asilimia 79. Karatasi halisi haitii hesabu hii barabara, kwa kuwa wino husambaa na kuzama ndani yake. Kwa hiyo mchapaji hutoa vipande vya majaribio, huvipima, kisha huirekebisha programu inayoamuru kila tangi litoe matone mangapi.

Kosa la kawaida ni kuzimua kwa kufuatana: kutoa robo katika nusu, na sehemu ya nane katika robo. Kosa dogo la kipimo cha kwanza hurithiwa na vyote vinavyofuata. Ni afadhali kila ngazi ichotwe katika wino mama. Kupata mililita 80 za wino wa robo, huchukuliwa mililita 20 za wino mama na 60 za kiowevu; kupata mililita 80 za sehemu ya nane, 10 na 70. Mizani ya maabara hupima kwa uhakika zaidi kuliko bomba la sindano. Kila chupa iandikwe kipimo na tarehe, itikiswe polepole kabla ya kutumiwa, na kuwekwa gizani. Aidha, printa iliyozoea wino mwingine sharti isafishwe kwanza. Shule yenye printa moja tu isiifanyie majaribio haya.

HUDHURUNGI AU KIJIVU BARIDI?

Kaboni ikizimuliwa huonyesha siri yake: si nyeusi kamili. Chembe ndogo humeza nuru ya buluu kuliko nyekundu, hivyo kijivu chake huelekea hudhurungi. Wengine huipenda hali hiyo, hasa kwa picha za watu. Wengine hutaka kijivu baridi, nao hutia kiasi kidogo cha wino wa chembe za buluu ili kusawazisha.

Hapo mchanganyaji hukabiliwa na uamuzi. Buluu, hata ikiwa ya chembe, haina uimara wa kaboni. Kadiri anavyoitia kwa wingi ndivyo picha inavyozidi kutegemea kitu kinachoweza kufifia. Akitia rangi iliyoyeyuka badala ya ile ya chembe, atakuwa amemtia mwizi ndani ya nyumba. Kwa picha inayokusudiwa kudumu, ushauri ni kuikubali hudhurungi ya kaboni jinsi ilivyo.

Karatasi nayo isisahauliwe. Karatasi yenye ligini nyingi, kama ya gazeti, hugeuka manjano juani. Ile iliyong'arishwa kwa dawa za kuongeza weupe hupoteza weupe huo dawa zinapochoka. Karatasi ya pamba isiyo na asidi ndiyo inayostahili kaboni.

JUA LA SINGIDA LIWE MWAMUZI

Yote yaliyoelezwa hapa yaweza kuthibitishwa bila vifaa vya gharama. Wanafunzi wachukue karatasi tatu zenye mistari minene: ya kwanza iliyochapwa kwa printa ya wino wa rangi iliyoyeyuka, ya pili kwa wino wa chembe, na ya tatu iliyopigwa brashi kwa wino wao wa masizi. Nusu ya kila karatasi ifunikwe kwa kadi nene, kisha zote zibandikwe ndani ya dirisha linalopigwa na jua. Kila mwezi kadi ifunuliwe, nusu mbili zilinganishwe, na matokeo yaandikwe daftarini pamoja na tarehe. Nchi yenye jua kali na kiangazi kirefu haichelewi kutoa hukumu yake.

Kisha shule ijiulize ni zipi kati ya picha zake zinazostahili kuwapo baada ya miaka mia: walimu wa kwanza, ujenzi wa madarasa, wahitimu wa kila mwaka. Picha zilizomo katika simu hupotea pamoja na simu, na zile zilizochapwa kwa wino dhaifu hufutwa na dirisha. Nakala moja ya kila mwaka, iliyochapwa kwa kaboni juu ya karatasi njema na kuwekwa pakavu gizani, ni gharama ndogo kwa shule. Wanafunzi waliofanya jaribio la dirishani wataweza kueleza kwa nini nakala hiyo itadumu, na kuwafundisha watakaokuja baada yao namna ya kutengeneza nyingine.